Egzeta imekwisha, usingizi haujarudi

Kila mwaka, mwezi wa saba, swali ni lile lile. Papa mmoja anarudi kutoka karieri, vumbi la barabara ya Banalia bado liko kwenye viatu, anapita kutusalimia pale Mangobo tunapofanyia mikutano ya sindika. Anauliza bei ya mawe, anauliza habari ya kadi, analalamika juu ya motopompi. Halafu, wakati amekwisha simama kuondoka, anasema: "Kamaradi, mutoto amemaliza Egzeta. Iko pale nyumbani, analala tu. Nikimupeleka shimoni hii miezi mbili, ubaya iko wapi?"

Katika wiki moja tu ya mwezi huu walikuja watatu na swali hilo. Si wazazi wabaya. Ni watu waliouza redio na mbuzi ili mtoto alipiwe pesa ya kushiriki egzameni. Tangu mwaka wa shule uliofunguliwa Septemba 2019, shule ya msingi ya serikali ni bure, lakini sekondari imebaki kwenye mfuko wa mzazi, na mfuko wa mchimbaji tunaujua: leo umevimba, kesho ni matundu. Kwa hiyo swali lao linastahili jibu nzima, si kutikisa kichwa tu.

Tuanze na hilo neno "analala tu". Mtoto aliyemaliza Egzeta na anayengoja matokeo halali. Mama zao wanajua. Mama mmoja wa Kabondo alituambia kijana wake anatoka nje usiku mara tatu, mara nne, anasema anaenda choo, na yeye mama anamsikia amekaa tu kwenye kizingiti cha mlango. Wakati wa kusoma kijana huyo huyo alikuwa analala masaa manne, lakini alikuwa analala kweli, mdomo wazi, daftari kifuani. Sasa iko na usiku mzima mbele yake na hauwezi kumsaidia. Papa aliye karieri haoni hayo. Akija nyumbani mchana anamkuta mtoto amejinyoosha kwenye mkeka saa tano ya asubuhi, naye anahesabu kuwa ni uvivu.

Wakati wa kusoma ni mgumu, hakuna anayebisha. Egzameni ya Serikali ilianza mwaka 1967, na tangu hapo kila finalisti wa nchi hii anapita mlango huo huo. Kwanza kuna sehemu ya mbele, disertasio ya Kifaransa na maswali ya mdomo. Wiki kadhaa nyuma yake zinakuja siku 4 zenyewe: utamaduni wa jumla, sayansi, lugha, na masomo ya opsioni. Ni maswali ya kuchagua jibu moja kati ya mengi, na majirani wawili wa benchi moja hawapewi seri moja, kwa hiyo jicho la pembeni halina faida. Asilimia 50 ndiyo mpaka.

Tembea usiku Mangobo, Kabondo, Tshopo, mwezi wa tano na wa sita, utaona vijana wanafuata taa. Tuko na kituo cha umeme kwenye maji ya mto Tshopo, ndani ya mji wetu, na bado watoto wanasoma kwa mshumaa, ao kwenye veranda ya mtu mwenye jenereta, ao chini ya balbu ya duka la dawa mpaka mwenyewe afunge. Watano watano, sita sita, mmoja anauliza, wengine wanajibu. Wengine wanapanda toleka kutoka upande mmoja wa mji mpaka mwingine juu ya kuazima daftari moja ya fizike. Mwaka 2023, wakati wa vita vya Wambole na Walengola huko Lubunga, kulikuwa na finalisti waliobeba madaftari yao wakavuka mto nayo kama vile wengine walivyobeba sufuria.

Lakini tazama vizuri uchovu huo. Uko na kamba ya kushika. Kijana anaweza kusema: nimemaliza kurasa 30, zimebaki 50. Leo sikuelewa, kesho nitauliza mwalimu. Hata woga wake uko na kazi ya kufanya, unamsukuma kufungua daftari. Siku ya mwisho ya opsioni anatoka chumba cha egzameni, anaweka kalamu chini, na hapo kamba inakatika. Alichoandika amekiandika. Hakuna ukurasa wa kuongeza, hakuna wa kufuta.

Sisi wachimbaji hatuhitaji mtu atufundishe tofauti hiyo. Unachimba udongo wa juu wiki mbili, tatu, unatoa maji, unashuka mpaka kwenye graviye. Mgongo unauma, lakini hatujaona mtu anatetemeka wakati iko na beleshi mkononi. Sasa beba jiwe lako mpaka kwa negosia. Anakukaribisha kiti. Anaweka lupe kwenye jicho. Anageuza jiwe upande huu, anageuza upande ule, hasemi kitu. Anapumua. Anageuza tena. Mtu aliyechimba miezi mitatu bila kulalamika, pale kwenye kiti jasho linamshuka mpaka kwenye mkanda. Ni dakika mbili tu. Watoto wetu wanakaa kwenye kiti hicho miezi.

Kuna watu wamepima jambo hili. Mwaka 2016, watafiti wa chuo kikuu kimoja cha London walichukua watu 45 wakawaweka mbele ya mashini. Kwenye kioo kulikuwa na picha za mawe, na mtu alipaswa kukisia kama chini ya jiwe kuna nyoka ao hakuna. Nyoka akiwa pale, mtu anapigwa umeme kidogo kwenye mkono. Walipima jasho lao na macho yao. Waliokuwa wanajua kwa hakika kwamba watapigwa umeme hawakuwa ndio wenye shida zaidi. Shida ilipanda juu kabisa kwa yule ambaye ilikuwa nusu kwa nusu: pengine nyoka iko, pengine hayuko. Mtu akijua kipigo kinakuja, mwili unajipanga. Asipojua, mwili unajipanga kwa yote mawili kwa wakati mmoja. Mawe na nyoka! Sisi tulicheka tulipoelezwa, maana mchimbaji yeyote wa Bafwasende angewaambia hayo bila mashini.

Mwingine ni mwalimu wa California, Kate Sweeny, ambaye kazi yake yote ni kuchungulia watu wanaongoja. Alifuata zaidi ya watu 200 waliomaliza masomo ya sheria kule, ambao wakiandika egzameni ya kuwa avoka wanangoja miezi 4. Alikuta kwamba woga uko juu siku za kwanza, unashuka katikati, halafu unapanda tena siku ya matokeo ikikaribia. Alikuta pia kwamba ujanja watu wanaotumia juu ya kujituliza, kujiambia "nitapita tu" ao kujilazimisha kusahau, haukuwapunguzia woga. Na hili lilitushangaza: wale walioteseka wakati wa kungoja walipokea habari mbaya vizuri kuliko wale waliokaa kimya na kujiamini, na habari njema iliwafurahisha zaidi. Kwa hiyo, papa, mama, ukimwona mtoto anahangaika, usikimbilie kusema amelaaniwa ao amerogwa. Anafanya kazi ndani, hata kama huoni beleshi.

Kisangani tunaongeza chumvi yetu. Zamani majina yalisomwa kwenye redio, jamaa nzima imezunguka kisanduku kimoja, betri zimechomwa jua ili zipate nguvu. Leo kijana anatuma namba yake ya kandida kwa simu, na jibu linarudi kwa mesaji. Ungefikiri ni rahisi zaidi. Lakini matokeo hayatoki nchi nzima siku moja, yanatoka mkoa kwa mkoa, na hapo katikati mji unaishi kwa uvumi. Saa mbili ya usiku mtu anapiga kelele barabarani: "Imetoka!" Watoto wanaruka, simu zinashikwa, mikono inatetemeka hata namba inaandikwa vibaya. Kumbe ni ya mkoa mwingine. Kesho yake tena. Kesho kutwa tena. Kila "imetoka" ya uongo inamtoa mtoto jasho la siku nzima. Na ikitoka kweli, poda nyeupe inamwagwa kwenye kichwa cha mtoto wa jirani, ngoma inapigwa, na wa kwako anashika simu ambayo inasema netiwaki imejaa. Tumeona kijana mkubwa wa miaka 19 amejifungia ndani kwa sababu ya sauti ya poda hiyo, kama poda iko na sauti. Baadaye mesaji iliingia: amepita.

Mwaka 2020 kungoja kulikuja hata kabla ya egzameni. Juu ya Covid shule zilifungwa, na finalisti waliandika mwisho wa mwezi wa nane kwenda wa tisa. Walisoma, wakasimama, wakasoma tena. Wengi walituambia kile kusimama ndicho kiliwachosha.

Sasa turudi kwa swali la papa, na hapa tutasema ya kwetu.

Sisi tunaoandika haya tulikuwa finalisti wa mwaka 2000. Kuanzia tarehe 5 mpaka 10 mwezi wa sita mwaka ule, majeshi ya Rwanda na ya Uganda yalipigana ndani ya Kisangani, siku sita, mabomu juu ya Makiso na juu ya Tshopo, watu wa mji wakifa mamia kwa mamia katika vita ambavyo si vyao. Ilikuwa majira ya kusoma. Tulikuwa watano katika kundi letu, na mmoja wetu alikuwa na daftari ya kemia chini ya kitanda pamoja na dada zake watatu. Baadaye tuliandika egzameni yetu, mji bado unazika. Halafu tukangoja. Nchi ilikuwa imekatwa vipande, Kinshasa kule, sisi huku, na hakuna aliyeweza kutuambia lini.

Kukaa kulitushinda. Ndivyo ilivyokuwa, tusijisifu kwamba tulienda juu ya kusaidia wazazi. Hatukuweza kukaa kwenye mkeka na ile hali ya nusu kwa nusu. Tukasema twende karieri kidogo tu, mpaka matokeo yatoke. Wanne tulienda. Na ukitaka kujua shimo lilitufanya nini wiki za kwanza, lilitufanyia vizuri. Tulilala. Mikono ilikuwa na kazi, tumbo likatulia. Hiyo ndiyo hatari yake, na ndiyo sababu hatuwezi kumwambia papa kwamba mtoto atachukia kule. Pengine atapenda.

Lakini karieri haikopeshi mtu miezi miwili. Unafika bila chungio, bila beleshi, bila chakula. Pedeje wa shimo anakupa vyote, anaandika kwenye kadaftari. Unga, samaki ya chumvi, dawa ya malaria, hata sigara. Utalipa wakati graviye itaoshwa. Kabla ya kuoshwa huwezi kuondoka, kwa sababu sehemu yako iko ndani ya ile rundo, na ukiondoka umeiacha na deni limebaki. Mvua inanyesha, shimo linajaa maji, kuosha kunasogezwa. Wakiosha, jiwe ni dogo, deni linakatwa kwanza, na ili upate nauli ya kurudi lazima uingie shimo lingine. Hakuna mtu aliyekushika kwa nguvu. Umejishika mwenyewe, wiki kwa wiki.

Habari ya matokeo ilitufikia kwa mdomo, mfanyabiashara wa nguo za kombo ndiye aliyeileta, wiki nyingi baada ya mji kujua. Katika watano, watatu tulipita. Asilimia 54, kama mnataka kujua, na karatasi bado iko sandukuni. Tulipopata nauli ya kushuka mpaka Kisangani, kuandikishwa chuoni kulikuwa kumefungwa. Tukasema mwaka ujao. Yule wa tano, aliyebaki mjini kwa sababu mama yake alikuwa mgonjwa, aliandikishwa katika muda wake. Leo anafundisha. Hakuwa na akili kutuzidi, tunamwambia hivyo kila tukikutana naye na anakubali. Alikuwa karibu na mlango siku ulipofunguliwa, basi.

Ndiyo maana tunasema usimpeleke. Sheria nayo inasema: kodi ya mini ya 2002, jinsi ilivyobadilishwa mwaka 2018, inaruhusu kuchimba kwa mkono Mkongomani mkubwa tu, aliye ndani ya kooperative iliyokubaliwa, na sheria ya kulinda mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inahesabu mtoto mpaka miaka 18. Finalisti wengi wako na 17. Lakini hata kama wa kwako amefika 19 na sheria imemruhusu, hesabu ya kadaftari ka pedeje haibadiliki.

Na tuseme neno juu ya wasichana, maana papa wote watatu waliokuja walituuliza juu ya wavulana. Binti anayengoja, wanaume wa posa wanamwona kabla ya chuo kumwona. Jamaa inasema, kama hajapita itakuwaje, tukubali hii bahati iliyo mkononi. Tumeshuhudia mahari inajadiliwa mwezi wa nane na mesaji inaingia mwezi wa tisa, asilimia 61, mahari imekwisha kuliwa nusu. Aliyekula tunamjua, ni mwanachama wetu mzuri, na hatujui namna ya kuongea naye mpaka leo.

Sasa mtoto afanye nini? Hatumwambii akae bule. Yule mwalimu wa California na wenzake walikuta kwamba kinachosaidia kidogo ni kazi inayomeza akili yote, ile ambayo mtu akiinua kichwa anashangaa saa imekwenda. Si lazima iwe shimo. Kisangani kuna kijana anayekusanya watoto 12 wa avenyu yao kila asubuhi na kuwafundisha hesabu, wazazi wanampa franka kidogo, wengine wanampa mihogo. Mwingine anaendesha toleka ya mjomba wake. Kuna wanaojifunza kutengeneza simu, kushona, kufuma. Pesa yake haifiki ya karieri, tunajua. Lakini jioni yuko nyumbani, na deni hana.

Wakati huo mzazi naye iko na kazi yake. Tafuta karatasi za kuzaliwa, piga picha, uliza UNIKIS, ISP, ISTM wanafungua lini kuandikisha na wanaomba nini, maana kuna mahali asilimia peke yake haitoshi, wanatia mtihani wao wa kuingia juu yake, na hapo kungoja kunaanza upya. Andika namba ya kandida mahali tatu. Mzee mmoja aliiandika ndani ya kofia. Na ongea na mtoto mapema, kabla ya mesaji, juu ya siku ambayo haitakuwa na poda. Anaweza kujiandikisha tena mwaka ujao kama otodidakti, njia hiyo ipo na watu wamepita ndani yake. Mtoto anayejua kwamba hata akianguka atakula usiku ule mezani kwa baba yake, nusu kwa nusu yake inapungua makali.

Kuna jambo hatuna jibu lake. Papa wa tatu alitusikiliza mpaka mwisho, akauliza: "Na pesa ya kumwandikisha, nani atatoa?" Ni kweli. Pesa hiyo inatoka shimoni, ya chuo na ya kila kitu. Sanduku letu la sindika mwaka huu limezika watu wawili na limebaki tupu. Tulimwambia tutajaribu kuzungumza na wenzake wa shimo ili sehemu yake ya kwanza ya mwezi wa tisa isikatwe deni. Hatukumwahidi.

Aliondoka peke yake, juu ya moto, mtoto amebaki Mangobo. Pale karieri netiwaki inapatikana juu ya kichuguu kimoja tu, nyuma ya kambi, kwa hiyo walipatana na mtoto: kila Jumamosi saa kumi atapanda pale na kupiga. Jumamosi iliyopita tulikuwa pale nyumbani wakati simu ililia. Kijana alitoka nje kuipokea. Tulisikia tu: "Bado, papa. Bado. Wewe, shimo imefika graviye?"